Punda Aliyeitwa Sista

Grasiana alipiga simu asubuhi, nikiwa nageuza dagaa wa usipa kwenye chanja nyuma ya nyumba yangu hapa Kihagara, kando ya ziwa. Alinisalimia kwanza, kama alivyolelewa, kisha akasema, "Mama mdogo, Bibi ametutoka." Bibi yake ni Mama Kresensia wa Namswea, mama mkwe wa dada yangu Foibe, na kwa kuwa dada na mumewe walishatangulia, bibi yule ndiye aliyekuwa amebaki kuniunganisha na nyumba ile ya mlimani. Nilipaswa kusema pole. Nilipaswa kuuliza maziko ni lini. Badala yake mdomo wangu ukatoka na la kwake: "Na punda yuko na nani?" "Punda gani, mama mdogo?" Nikajikusanya, nikasingizia uzee, nikauliza habari za maziko. Tulipomaliza kuongea nilikaa chini palepale penye chanja, kuku wakadonoa usipa wangu nami sikuwafukuza. Punda yule alikufa Grasiana hajaanza shule, na leo Grasiana ana watoto wanaosoma sekondari. Lakini kilichonijia kwanza ni kwamba jioni ile hakuna mtu wa kumpa chumvi.

Nilipanda Namswea mwaka niliomaliza kidato cha nne, nikingoja matokeo. Dada Foibe aliniitia ujauzito wake. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya mahindi, kitanda kimesukumwa ukutani ili magunia yapate nafasi, na si magunia yaliyosogezwa ili mimi nipate nafasi. Dirisha lilikuwa la ubao, na nikilifungua asubuhi ukungu uliingia ndani ukakaa na mimi kitandani. Mtoto wa ziwani hajui baridi ile. Nilivaa nguo zangu zote kwa pamoja, na shemeji yangu Osmundi, mtu mpole mwenye maneno machache, akasema nimefanana na kabeji. Chakula kilikuwa ugali wa mahindi na maharage, jioni maharage na ugali wa mahindi, na mimi roho yangu ilikuwa kwenye ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma. Mama yangu alinipa kikapu cha samaki waliotiwa chumvi nije nao. Mama Kresensia alikinusa kikapu kile kwa mbali, akaagiza kining'inizwe nje, chini ya paa la banda. "Humu ndani tunalala watu," alisema.

Hatukupendana, mimi na yeye. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alinipa jembe siku ya kwanza, nikiwa bado na vumbi la safari miguuni. Ulikuwa wakati wa kuchimba ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba mlima mzima, yamepangana kama vyumba vya sega la nyuki, ili mvua isiteremke na udongo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza, wanawake huchimba katikati na kuyafunika. Mimi nilichimba mashimo ambayo Mama Kresensia aliyatazama, kisha akayachimba upya mbele yangu. Jioni nilikaa nyuma ya nyumba, nikaipa mgongo nyumba na watu wake, nikatazama upande ambao nilijua ziwa liko, ingawa kutoka pale halionekani, ni migongo ya milima tu, mmoja nyuma ya mwingine. Nililia sana mwaka ule. Siku hizi najua kwamba kile kilio ndicho kilichofanya kazi yote.

Punda alikuja na mchuuzi aliyekuwa akipitisha punda wake kuelekea Litumbandyosi. Osmundi alimnunua bila kumshauri mtu, na sababu yake kila mmoja pale nyumbani aliijua, hakuna aliyeitamka. Kahawa mbivu ikichumwa lazima imenywe maganda siku hiyohiyo, ikilala inachacha. Mashine ya kumenya ilikuwa bondeni, ng'ambo ya mto, na wanawake ndio walioipeleka kahawa huko kichwani, kwenye njia ya mteremko na utelezi. Msimu uliotangulia dada yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Ilitoka akiwa njiani, na debe la kahawa kichwani. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na kahawa ilikuwa imeanza kuweka punje. Kama punda angebeba, Foibe asingebeba.

Alikuwa punda jike, wa kijivu, mweupe puani na tumboni, na dada alipomwona alisema anafanana na masista wa misheni. Jina likaganda. Osmundi alilikataa, akasema tutamwingiza kwenye nadhiri asizozijua, lakini baada ya muda mfupi hata yeye nilimsikia akiuliza, "Sista amekula?" Alikuwa na sikio moja lililochanika, mpasuko ulionyooka kama wa kisu, na macho ambayo hayakutulia. Ukimsogelea alirudi nyuma hadi kamba ikanyooka, akasimama hapo akitetemeka ngozi ya begani. Ukimgusa mgongo aligeuza matako. Asante ya punda ni mateke, watu walisema, na Osmundi aliipata asante hiyo pajani, akachechemea hadi kanisani Jumapili. Vijiji vyote vya jirani havikuwa na punda, kwa hiyo hakuna aliyejua wafanyeje naye. Wakamfuga kwa ujuzi waliokuwa nao, yaani kama nguruwe.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, nasi tulichelewa kuliona. Kila nyumba kule ilikuwa na nguruwe bandani, na wakati wa kuwalisha watu waligonga debe kwa kijiti, ngo ngo ngo, na nguruwe walijua chakula kimekuja. Jioni bonde zima liligonga madebe. Osmundi alimletea Sista pumba safi, kwa heshima zote, akamgongea debe ili ajue ameandaliwa, na Sista akataka kupasua ukuta. Wakasema hana njaa. Wakasema ana pepo. Kesho yake wakamgongea kwa nguvu zaidi, labda hasikii vizuri kwa lile sikio.

Mimi sikuwa na elimu ya punda. Nilikuwa na mahali pangu pa kulilia tu, nyuma ya nyumba, na hapo ndipo walipomfunga. Nilikaa nimempa mgongo yeye pia, kwa sababu nilikuwa nimeipa dunia nzima mgongo. Siku moja nilikuwa nimetoka kupasua samaki wa kikapu changu, mikono ina chumvi, nikaiacha imelala nyuma yangu kwenye majani. Nikasikia pumzi. Kisha ulimi, mkavu, wenye mikwaruzo, ukapita kwenye kiganja changu. Sikugeuka. Nilitamani kugeuka kuliko nilivyotamani kitu chochote tangu nifike mlimani, na sikugeuka. Alilamba mkono wa kulia akaumaliza, akahamia wa kushoto, akavuta pumzi ndefu kwenye shingo yangu akaondoka. Nilirudi ndani nikala maharage yangu yote, hata dada akaniuliza nimepata barua ya nani.

Tangu hapo nilimpelekea chumvi kila jioni, mgongo ukiwa umegeuka, kisha ubavu, kisha nikawa naweza kumtazama. Nilimsemesha Kinyasa, kwa sababu nyumbani mle sikuwa na mtu mwingine wa kumsemesha isipokuwa dada, na dada alikuwa anachoka mapema. Nilimweleza habari za ufukwe, za wanawake wanaoosha sufuria kwa mchanga mpaka zing'ae, za mdogo wangu anayepiga chafya akicheka. Aliniwekea kidevu begani. Niseme ukweli, sijawahi kupendwa hivyo tena, na nimeolewa na mume mwema na kuzaa watoto wanne. Binadamu akikupenda ana sababu zake. Sista alikuwa na sababu zote za kutompenda mtu, akaamua.

Lakini debe likigongwa popote bondeni, kazi yangu yote ya siku ilibomoka. Na siku niliyopita mbele yake na debe tupu kichwani, kimyakimya, nikienda mtoni, alirudi nyuma hadi kamba ikamkaba. Ndipo nikaelewa lile sikio: lilichanwa na ukingo wa debe. Nikamwendea Mama Kresensia jikoni, nikamsalimia upya ingawa tulikuwa tumeshasalimiana. "Shikamoo, Mama. Naomba tusigonge debe. Sista anaogopa debe." Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, hakuinua kichwa. "Nguruwe wangu wabadilishiwe lugha kwa ajili ya punda?" Nikasema labda hadi mavuno tu. "Na kahawa utaibebea kwenye nini huko mashineni, kwenye kapu lako la samaki? Kule wanapima kwa debe, mchana kutwa." Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili moja zamu ya chakula cha ukoo ilikuwa kwetu. Wamatengo wana desturi wanayoiita sengu: wanaume wa ukoo hula pamoja, na mambo ya familia huzungumzwa juu ya chakula. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, ukuta wa miti na udongo kati yetu na wao, na ukuta ule haukuficha hata kutafuna. Nilimsikia baba mdogo wa Osmundi. "Punda huyu anakula bure. Mchuuzi akirudi, amchukue, huko watu wanajua pa kumpeleka." Mwingine akasema nyama ya punda haijawahi kumshinda mtu mwenye kisu. Osmundi akasema neno, hatukulisikia. "Wanawake watabeba," baba mdogo akasema. "Walibeba tangu zamani, nani amekufa?" Dada yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono juu ya tumbo. Mama Kresensia alikuwa akisonga ugali, na mwiko ukasimama katikati ya sufuria. Ulisimama mpaka nikanusa ugali ukishika chini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, wala hakuwa akimwambia yeyote kati yetu, "Mwaka jana ni mimi niliyemwambia abebe. Nilimwambia mimba si ugonjwa." Foibe akasema, "Mama, acha." Akauchukua mwiko mkononi mwake akaumalizia ugali.

Jioni ya kesho yake wakati wa kulisha nguruwe ulipofika, sikusikia debe. Nilisikia sauti ya mwanamke mzee, kavu, yenye aibu kidogo, ikiita, "Gu, gu, gu, njooni basi." Nguruwe walimshangaa. Jirani akapaza sauti kutoka ng'ambo kumuuliza kama debe limetoboka, na Mama Kresensia akamjibu atazame debe lake. Alipomaliza alikuja nyuma ya nyumba, ameshika kigoda, rozari, na lile debe. Nilisimama. "Kaa," aliniambia. "Alione debe akiwa na mtu anayemjua." Akaketi mbali, debe ameliweka mapajani limefunikwa na kitenge, akaanza sala zake za jioni.

Ndivyo tulivyofanya, jioni baada ya jioni. Alisogeza kigoda kidogo kila alipokuja. Alikunja kitenge kidogo kila alipokuja, hadi bati likaonekana lote. Punje za rozari yake zilikuwa za mti mgumu, na kila Salamu Maria ilipoisha aliiachia punje moja ikagusa ukingo wa debe, tik. Mara za kwanza Sista aliruka. Kisha akawa anainua sikio tu, lile zima. Kisha nikatia chumvi ndani ya debe, na jioni ile Sista aliitazama chumvi, akanitazama mimi, akamtazama Mama, akaingiza kichwa chake chote ndani ya debe lile hadi machoni. Tulisikia ulimi wake ukikwangua bati. Mama Kresensia aliendelea kusali bila kukosea, lakini machozi yalikuwa yakimtoka, nami nikamshika mkono, akaniachia niushike. Na kwa kuwa huwezi kukaa na mtu anayesali jioni zote hizo ukabaki bubu, mimi Mwanglikana wa ufukweni nikaijua rozari yote, mafumbo na majibu yake. Mchungaji wetu angenisikia angenirudisha darasa la kipaimara. Mama alinisahihisha matamshi tu.

Kahawa ilipoiva, Sista alibeba. Osmundi alimshonea godoro la majani makavu, magunia mawili yakaning'inia huku na huku, nami nikashika kamba, na Mama akatangulia na rozari yake, kwa sababu tuligundua Sista alitembea vizuri zaidi akiisikia sauti ile. Palikuwa na daraja la magogo mtoni, yamefukiwa udongo juu, yakikanyagwa yalitoa mlio wa kitu chenye uwazi chini. Siku ya kwanza aligoma. Mama hakumvuta wala hakurudi. Alisimama ng'ambo na sala yake, na alipokaribia mwisho, kabla ya maneno ya mwisho, akanyamaza, akangoja. Sista akaweka mguu wa mbele. Mama bado kimya. Wa pili. Kisha miguu ya nyuma, mmoja, halafu mwingine, na ulipotua ardhini ndipo Mama akamalizia sala. Basi ikawa hivyo kila tulipovuka. Mashineni madebe yaligongwa, yalitupwa, yalimwagwa, na Sista alisimama akitetemeka mwili mzima, paji la uso wake amelisukuma mgongoni kwangu, kwa nguvu hata nikaweka miguu mbali ili nisianguke. Alitetemeka na hakukimbia. Watu wa mashine walitucheka, wakasema leo kahawa imekuja na maandamano. Mama aliwaambia wapime, waache maneno.

Foibe hakubeba hata debe moja mwaka ule. Alijifungua kabla mavuno hayajaisha, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa, wakamwita Grasiana.

Kisha matokeo yangu yakaja, nikachaguliwa kusomea uuguzi, mbali. Kila mtu alifurahi, na mimi nilifurahi, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa nimempa Sista mgongo kama mwanzo. Siku ya safari ndiye aliyebeba sanduku langu hadi barabarani. Gari lilipoonekana nilimkumbatia shingo, nikampa Mama kamba. Nilijua atagoma. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akigoma, akinivuta, akilia ule mlio wao wa kupasua moyo, na nitasema nini sasa, nilikuwa nautamani mlio ule. Mama Kresensia alinitazama, akaelewa, akasema, "Binti, tulimfundisha ili abaki." Akageuka kuelekea mlimani, akaanza Salamu Maria. Sista alisimama kidogo, ananitazama. Kisha akaifuata ile sauti. Alipanda mlima taratibu, matako ya kijivu, mkia unafukuza nzi, na hakugeuka. Ilikuwa kazi yangu, nami niliifanya vizuri, na nimeibeba miaka yote hii hapa kifuani mahali ambapo jambo lililofanywa vizuri halipaswi kuuma.

Niliwahi maziko. Siku hizi barabara ya lami inapanda hadi Mbinga, na kutoka hapo bodaboda ikanifikisha mlangoni. Kahawa nayo inateremka kwa pikipiki, na banda la Sista linalaza pikipiki ya mume wa Grasiana. Mama Kresensia tulimzika ukingoni mwa shamba, karibu na ngoro alizozichimba, na jua likiwa bado juu ya milima wanawake tulikaa chumba cha mbele kwenye mikeka, Grasiana akaongoza rozari. Nikaitikia. Walinitazama, mwanamke wa Kianglikana kutoka ziwani, lakini msibani watu hawaulizani. Tukafika karibu na mwisho wa Salamu Maria ya kwanza. Na kabla ya maneno ya mwisho, watu wa nyumba ile wote, Grasiana, watoto wake, wakwe, wote wakanyamaza. Majirani waliendelea peke yao, wakashtuka, wakasimama. Kimya cha pumzi chache. Kisha familia wakamalizia kwa pamoja, kwa sauti moja, wakaendelea na inayofuata. Na kwenye inayofuata, vilevile. Nilijifunika kitenge usoni.

Baadaye, tukiosha vyombo, nilimuuliza Grasiana kwa nini wanatulia pale. Alishangaa kuulizwa. "Sisi nyumba hii tunasali hivyo, mama mdogo. Bibi alitufundisha tukiwa wadogo. Padri aliwahi kumuuliza, akamjibu yuko mmoja nyuma, tumngoje kwanza avuke. Padri alilipenda sana jibu hilo, akalihubiri." Nikaweka sahani chini. Nikamwambia ni punda gani. Nilimweleza yote, debe, chumvi, magogo, mzigo ambao yeye Grasiana alibebewa kabla hajazaliwa. Alicheka, akalia, akacheka tena, mikono ina majivu ya kusugulia sufuria. Kisha akajifuta. "Basi mimi siijui njia hiyo," alisema. "Kesho ongoza wewe."

Siku iliyofuata niliongoza mimi. Nilishika rozari yake, ile ya punje za mti mgumu, na mkono wangu mwingine nilijikuta nimeufumba nyuma yangu kama mtu aliyeshika kamba. Nilipofika pale nikanyamaza, nao wakanyamaza. Nikangoja miguu ya mbele. Nikangoja ya nyuma, mmoja, halafu mwingine. Ilichukua muda mrefu kuliko walivyozoea, mtoto mmoja akanong'ona kwamba bibi wa ziwani amesahau, na Grasiana akamwambia anyamaze, bado hajavuka.